Safari ya Treni Niliyoimaliza Koridoni

Tangu nirudi, cherehani yangu haijapata amani. Kila anayekuja kuchukua suruali yake anavuta kiti, anakaa, anauliza: "Fundi, treni vipi? Na mkweo je?" Halafu anacheka kabla sijajibu. Wengine mmeshaanza kusimulia wenyewe, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Nimesikia hadi kwamba nilisafiri juu ya paa. Uongo mtupu. Nilisafiri koridoni, na nilikuwa na sababu. Sasa naandika mara moja, msome, halafu mniache nishone.

Nianze na lile mnalolicheka zaidi. Ndiyo, nilikuwa na wivu. Mtu mzima, fundi mwenye kibanda chake hapa Bariadi, nilimwonea wivu mama mkwe wangu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. 

Mnamjua Kabula, binti yangu wa kwanza. Kwa kweli hammjui sana, na mimi mwenyewe nilikuwa simjui sana, ndiyo shida yenyewe. Mke wangu alipopata mimba ya Masele, Kabula alikuwa bado ananyonya. Tukafanya kama kawaida ya kwetu: mtoto akaachishwa ziwa, akapelekwa Nkololo kwa bibi yake mzaa mama, asahau titi kisha arudi. Titi alilisahau ndani ya wiki mbili. Sisi alitusahau ndani ya mwezi. Akakaa huko zaidi ya miaka minne.

Mke wangu alikuwa anakwenda kumwona kila akipata nafasi. Mimi kwa mama mkwe nitaingiaje? Mnajua ukwe wa kwetu ulivyo. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Hatupeani mkono. Anapolala yeye, mimi sikanyagi. Nikienda Nkololo naishia nje ya ua, naletewa kigoda, namwamkia kwa mbali, mtoto analetwa anisalimie. Ananiangalia kama mtu aliyekuja kuuza chumvi, halafu anakimbilia ndani. Nusu saa baadaye niko juu ya pikipiki narudi.

Sasa ana miaka sita, na Januari anaanza darasa la kwanza. Nikasema anaanzia Bariadi, kwangu. Mama mkwe hakukataa. Alituma neno moja tu kupitia kwa mke wangu: mtoto asiburuzwe, aulizwe mwenyewe. Tukakubaliana ataulizwa kabla mwaka haujaisha.

Hapo nikaona lazima nitumie akili. Kabula alikuwa ameona kwenye simu ya mama yake treni ya umeme ikipita ndani ya mlima, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Nikapanga: tutakwenda Morogoro kwa dada yake mke wangu, kwa treni, mimi, mama Kabula na watoto wawili. Siku zote hizo mtoto atakuwa na mimi. Akishuka, ameshakuwa wangu. Habari za tiketi niziache, zitawachosha. Kabula alipoambiwa, akauliza swali moja: "Bibi atakaa dirisha gani?"

Akaambiwa Bibi haendi. Akasema basi na yeye haendi. Nikaongeza tiketi ya Bibi.

Bariadi hadi Malampaka

Mama mkwe alifika na Kabula kwa bodaboda asubuhi ya safari, ameacha shamba la pamba halijapandwa na mvua imeshaanza. Mkulima wa pamba aache shamba Desemba! Nikasema moyoni, huyu mama hajaja kutembea, amekuja kulinda.

Alikuwa na vitu viwili: kapu la chakula, na mfuko mkubwa wa sandarusi uliofungwa kamba mara tatu. Nikaunyanyua ule mfuko kuupeleka kwenye gari, kumbe hauendi. Mke wangu akaniambia, "Mama anasema mfuko ukae hapa nyumbani mpaka turudi. Usifunguliwe."

"Una nini ndani?"

"Sijui. Kasema usifunguliwe."

"Anahamia?" nikauliza. "Maana uzito huu ni wa mtu anayehama."

Mke wangu akanitazama jicho moja tu. Niliusukuma kwenye kona ya chumba, na haki ya Mungu niliupiga teke kidogo.

Halafu nikatoa gauni. Nilikuwa nimemshonea Kabula gauni la safari, la njano lenye maua, mikono ya puto, zipu mgongoni. Siku tatu nimelifanyia kazi nikawaacha wateja wangu wakinuna. Kabula akalishika, akatabasamu, akaingia ndani na mama yake kulivaa. Nikasubiri nje nimejawa na kiburi. Wakachelewa. Mke wangu akatoka peke yake.

"Baba Kabula, halipiti mabegani."

"Halipiti vipi?"

"Ni dogo. Umepimia nini?"

Nilipimia kichwani mwangu. Mimi, ninayewapima ninyi nyote viuno na mapaja, mtoto wangu mwenyewe nilimkadiria kwa jinsi nilivyomwona Pasaka, akiwa amesimama mbali, pembeni ya ua wa bibi yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema litupwe. Mama mkwe, bila kuniangalia, alimpa mtoto ishara, mtoto akamletea lile gauni, akalikunja vizuri na kulitia kwenye kapu lake. Afadhali angenicheka.

Tulikwenda na gari la jirani yangu, lile Probox. Mama mkwe mbele kwa dereva, mama Kabula na watoto katikati, na mimi kwenye buti na mabegi, magoti yakigusa kidevu, kwa sababu ya heshima. Kupita Maswa hadi Malampaka nilikuwa naangalia tulikotoka tu.

Stesheni ya Malampaka tukakaa kama saa tatu nzima. Treni ilikuwa njiani, tukaambiwa, na njiani ni neno refu. Tukanunua karanga, tukanunua wali. Mimi nilikula nyuma ya jengo nikiwa nimeegemea ukuta, mama mkwe alikula upande wa pili, na mke wangu alikuwa anazunguka jengo na sahani kama mhudumu wa harusi.

Kabula akatembea hadi kwenye reli, akachuchumaa, akaitazama. "Treni inajuaje njia?"

Swali hilo nililisubiri tangu Bariadi. Nikasogea, nikakohoa. "Inafuata hivi vyuma, mwanangu. Magurudumu yake yana..."

"Bibi!" akaita, "eti treni inajuaje njia?"

Mama mkwe akajibu kutoka kwenye benchi kule mbali: "Mimi sijui, ng'wanawane, mwanangu. Muulize baba yako. Baba yako ndiye anayejua mambo ya mashine."

Mashine! Kwa sababu nina cherehani! Nikajua ananidhihaki. Mtoto alikuwa ameshasahau swali, anamfukuza kuku wa stesheni masta.

Malampaka hadi Isaka

Treni ilipokuja watoto walipiga kelele hadi mimi nikacheka. Tukapanda, nikawaongoza hadi kwenye chumba chetu, nikafungua mlango kwa madaha. Vitanda sita, sisi watano, chumba kizima ni chetu. Nikageuka kumkaribisha mama mkwe.

Alikuwa amesimama koridoni, kanga ameivuta hadi usoni, anaangalia sakafu. Mke wangu ananiangalia mimi. Ndipo akili ikanirudia. Katika ujanja wangu wote wa kupanga vitanda nani juu nani chini, nilikuwa nimepanga kulala chumba kimoja na mama mkwe wangu.

Mtu wa kwingine atasema hakuna neno, safari ni safari. Kwetu jambo hilo ukilifanya utaimbwa kwenye ngoma mpaka wajukuu zako waone aibu. Nikatoka mbio, nikajibana ukutani, akapita akaingia, wakaingia watoto, akaingia mke wangu. Mlango ukafungwa. Nikabaki koridoni na begi langu la nguo.

Mlango wa pili ukafunguka, akachungulia bwana mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu. "Mbona umesimama? Umefukuzwa na mkeo?"

"Ndani kuna mama mkwe."

Akauliza kabila langu. Nikamwambia. Akapiga makofi. "Msukuma! Mtani wangu! Yaani umemnunulia mkweo tiketi, ukajifungia nje mwenyewe?"

"Nyamaza, Mgogo wewe. Kachunge mbuzi."

Kuanzia hapo nilimwita Mtani na yeye akaniita Mtani, majina yetu hatukuulizana. Alikuwa anatoka Mwanza kurudi kwao Dodoma na ndoo mbili za samaki. Chumbani kwao kulikuwa na kitanda kitupu, mhudumu wa behewa akaniruhusu kulala humo. Lakini mchana wote makao yangu yalikuwa korido, mbele ya mlango wa familia yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimenunua biskuti za maziwa, juisi za boksi na krispi, mfuko mzima, kwa ajili ya Kabula. Nikampitishia mke wangu. Dakika chache baadaye kapu la mama mkwe likafunguliwa, na harufu ikapita chini ya mlango: kuku wa kienyeji, na michembe iliyopikwa na karanga, viazi vitamu vile vilivyokaushwa tangu msimu uliopita. Nikawasikia watoto wangu wanagombania michembe. Hata Masele, ambaye nyumbani nikimpa kiazi analia!

Mlango ukafunguka, mke wangu akanipa sahani. "Mama anasema ule."

"Biskuti wamekula?"

"Wamempa mtoto wa chumba cha mwisho."

Nikala kuku wa mama mkwe nimesimama, nikitazama mbuga zinapita. Alikuwa mtamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Isaka tulisimama muda mrefu kupisha treni ya mizigo. Injini ilipozima kukawa kimya, na kila kilichosemwa ndani nikakisikia. Mama mkwe alikuwa anasimulia kwa Kisukuma.

"Basi akaingia uani amevaa suti. Suti, jua kali! Amekuja kuposa. Akaambiwa keti. Kwa woga hakuangalia anapoketi, akaketi kwenye ungo wa dagaa."

Watoto wakaanguka kicheko. Hata mke wangu.

"Akainuka?" Kabula akauliza.

"Hakuinuka! Aliona aibu kuinuka. Akakaa juu ya dagaa mpaka maneno yakaisha."

Jamani, yule wa kwenye dagaa ni mimi. Siri hiyo niliitunza miaka minane, na sasa naona hapa kibandani kila mtu anaijua, nitamjua tu aliyewaambia. Nikamwambia Mtani, "Unasikia? Ananichora mbele ya wanangu. Anataka wanidharau."

Mtani alikuwa anamenya karanga. "Kwani mtoto anacheka au analia?"

"Anacheka."

"Basi anakucheka wewe, hamcheki bibi. Amekwambia nani kwamba mtoto hucheka habari za mtu asiyemjali?"

"Wewe hujui kitu," nikamjibu, nikahamia dirisha la mbali.

Isaka hadi Tabora

Asubuhi tulikuwa tunaikaribia Tabora. Mlango ukafunguka, akatoka Kabula peke yake, amevaa gauni la njano.

Lilikuwa limemkaa sawasawa. Mabegani limetulia, kifua kina nafasi, urefu unafika panapotakiwa. Pembeni, kutoka kwapani hadi chini, palikuwa na kipande cha kitenge cheusi chenye nukta nyekundu, na pindoni kingine. Nilikitambua kitenge hicho. Ndicho mama mkwe alichokuwa amejifunga kiunoni tukiondoka Bariadi.

Akina mama waliokuwa wanapita kwenda kunawa uso wakasimama. "Eeh, gauni zuri! Limeshonwa wapi?"

"Baba kashona," Kabula akasema. "Bibi kapanua."

Wakacheka, wakapita. Nikamwita mtoto nikageuza mshono nikautazama kwa ndani. Natafuta kosa. Treni inayumba, mama wa umri ule, mwanga hafifu, sindano ya mkono, lazima kuna mahali pamepinda. Nilikagua upande wa kulia, nikakagua wa kushoto. Mishono midogo, imenyooka, imefungwa mwisho kama inavyotakiwa. Niseme ukweli, nina vijana nimewafundisha mwaka mzima hawajafika hapo. Niliumia. Kazi yangu ni moja tu duniani, na hata hiyo nimepokonywa ndani ya behewa.

Tabora maembe yalikuwa yamejaa kote. Nikaona hapa ndipo pa kujikomboa. Nikanunua dirishani maembe makubwa manne, nikachagua moja lililoiva kuliko yote, nikalimenya kwa kisu changu, nikampa Kabula mkononi mwake. "Hili ni lako peke yako. Kula hapa tuangalie nje."

"Asante, baba." Akalishika kwa mikono miwili, akageuka, akafungua mlango kwa goti. "Bibi, uma kwanza."

Mtani alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Tabora hadi Dodoma

Sehemu hii ilikuwa ndefu, jua kali, miombo haiishi. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunawasiliana kama ofisi mbili. "Mama anauliza kama umepata chai." "Mwambie mama nimepata." "Mama anasema utoke kwenye upepo." "Mwambie mama sina baridi." Mke wangu akachoka. Akasema, "Mimi si simu," akalala.

Mchana, baada ya Manyoni, Masele naye yuko ndani anasimuliwa hadithi, nilikuwa nimekaa juu ya begi langu koridoni na sahani ya wali magotini. Nilikuwa na hasira hata njaa imenitoka. Mlango ukafunguka. Kabula akatoka na sahani yake ameishika kwa tahadhari, akakaa sakafuni pembeni yangu, akakunja gauni lisiguse mchuzi.

"Umekuja kula na mimi?"

"Ndiyo."

Moyo wangu, jamani! Nikampisha sehemu ya begi. Tukala. Nikamwonyesha jinsi mabehewa ya mbele yanavyokata kona ukichungulia. Nikamweleza tena treni inavyojua njia, safari hii akasikiliza hadi mwisho, akauliza je, reli zikiwa zimechoka? Nikamjibu. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mshindi ndipo nikauliza, mjinga mimi, "Umejisikia tu kuja kwangu?"

"Bibi kanituma. Kasema si vizuri mtu ale peke yake kama mgonjwa."

Nikaisukuma sahani pembeni. Kumbe hata hii nimegaiwa! Hata saa moja na binti yangu imetoka kwenye kapu la mama mkwe, pamoja na kuku na michembe.

"Rudi ndani," nikamwambia. "Mwambie Bibi baba ameshiba."

Akanitazama, akaitazama sahani yangu ambayo bado ina wali, akaingia. Mtani alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni kwake. Safari hii hakucheka. "Mtani," akasema, "una roho mbaya kwa chakula ulichopewa bure." Treni ikateremka Saranda na bonde lote likafunguka chini, watu wote wakakimbilia madirishani, wakipiga picha. Mimi nililiona kupitia mabega ya watu na sikulifurahia.

Dodoma tukaagana na Mtani. Alinipa samaki wawili wakavu. "Mmoja wako, mmoja wa mkweo," akasema. "Na umpelekee mwenyewe."

Nilimpa mke wangu ampelekee.

Dodoma hadi Morogoro

Treni ya umeme sitaieleza sana, mmeiona kwenye simu. Ni safi, ikisema inaondoka, inaondoka, na watoto wakakaa wameshika mikono ya viti kama wamepewa gari. Viti nilikuwa nimepanga vizuri safari hii: mama mkwe na Kabula dirishani, mke wangu na Masele karibu nao, mimi safu tano nyuma, ukwe umeheshimiwa. Nikawa naona visogo vyao tu.

Tulipofika milimani Masele akabanwa na haja, mama yake akamkimbiza chooni. Kabula akasimama juu ya kiti, akageuka nyuma. "Baba! Njoo uone, mlima unakuja!"

Aliniita mimi. Kwa jina langu la baba, mbele ya behewa zima, na hakuna aliyemtuma. Nikaenda. Nikasimama njiani pembeni ya kiti kitupu cha mke wangu, nikainama kutazama dirisha, nimejitenga na mama mkwe kadiri nilivyoweza. Na hapo treni ikaingia kwenye handaki.

Nje kukawa giza la ghafla, mlio ukabadilika, masikio yakaziba. Na mkono ukanikamata.

Mikono miwili. Mama mkwe alikuwa amenishika kiganja changu kwa mikono yake yote miwili, amefumba macho, midomo inasali. Mikono migumu, ya jembe, na kwenye kidole cha shahada alama za sindano bado zipo. Sikuweza kuitoa. Sikuthubutu hata kupumua. Miaka minane ya ukwe, sijawahi kumgusa mama huyu, na sasa ananing'ang'ania kama mtoto anayevushwa mto.

Mwanga ukarudi. Akafumbua macho, akaona mkono wa nani. Akauachia kama kaa la moto na kujifunika kanga uso mzima.

"Bibi!" Kabula akapaza sauti, "umemshika baba!"

Behewa zima likageuka. Nikakaa palepale, kiti cha mke wangu, nikiangalia upande mwingine. Halafu nikasikia kutoka ndani ya kanga, kwa sauti ndogo: "Kabula, mwambie baba yako asinicheke."

"Baba, Bibi anasema usimcheke."

"Mwambie Bibi sijacheka." Na kweli sikuwa nimecheka.

"Bibi, hajacheka."

Handaki la pili likaja, tukapita, mama mkwe ameshika kiti cha mbele. Kisha akaanza tena, anaangalia dirisha.

"Mwambie baba yako, maziwa ya moto unayatapika. Yapoe kwanza."

"Baba, maziwa ya moto mimi natapika."

"Mwambie, ukinyamaza sana ujue una homa."

"Eti nikinyamaza nina homa."

"Mwambie, mvua ikiwa na radi, usiachwe peke yako. Mtu akae na wewe, akushike."

Kabula alisita kidogo, akamtazama bibi yake, kisha akanigeukia. "Baba, kukiwa na radi mtu akae na mimi anishike."

Nikasema nimesikia. Sikuelewa kwa nini ananiambia hayo yote mle ndani ya treni, na mtoto hajaulizwa. Nilidhani anaonyesha tu kwamba anamjua mwanangu kuliko mimi. Nikawa na wivu tena, hata pale. Ila ulikuwa umepungua meno.

Morogoro hadi nyumbani

Morogoro tulikaa siku nne, watoto wakachezea mito ya Uluguru, shemeji akatupikia, mimi nikala barazani na mume wake bila matatizo. Kurudi, korido ilikuwa ileile na mlango uleule. Chakula cha kwanza, Kabula akatoka na sahani yake.

"Bibi kakutuma?"

"Bibi amelala," akasema, akakaa.

Chakula kilichofuata akaja na Masele. Mpaka Malampaka tulikuwa tunaziba njia, watu wanaturuka.

Bariadi mama mkwe hakutaka hata kufika nyumbani. Alisimamisha bodaboda palepale stendi, kapu tupu mkononi. Mke wangu akamwambia, "Mama, si tulisema mtoto ataulizwa? Twende nyumbani tumuulize, wote tupo."

"Nilishamuuliza."

"Lini?"

"Kabla hatujatoka Nkololo. Alisema atakuja kwenu nikimsindikiza. Nimemsindikiza." Akapanda bodaboda kwa upande, akaipanga kanga yake. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kama inavyotakiwa. Aliniangalia mara moja, uso kwa uso, akanishukuru, "Wabeja, baba Kabula," akaondoka. Kabula alimpungia mkono hadi pikipiki ikapotea, halafu akashika mkono wa mama yake bila kulia.

Nyumbani nikaukata kamba ule mfuko wa sandarusi. Magauni yote ya Kabula, yamefuliwa na kukunjwa. Kikombe chake cha bati. Kadi ya kliniki ndani ya nailoni. Kigoda chake kidogo. Blanketi. Hakuna kilichobaki Nkololo. Mama yule alikuwa amemfungia mtoto kila kitu asubuhi ile kabla ya safari, akakiacha kwangu, akapanda treni anayoiogopa, na mimi njia nzima nalinda koridoni asiniibie mtoto. Na mfuko nikaupiga teke. Nilikaa chini sakafuni, mke wangu akaniacha.

Juzi alasiri mvua ilishuka, mliiona wenyewe. Nilipoona radi nikaacha suruali ya mtu chini ya sindano, nikakimbia nyumbani nimelowa. Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anaangalia nje. Nikamkumbatia, nikamwambia usiogope, baba yupo.

"Siogopi," akasema.

"Bibi alisema unaogopa radi."

"Siyo mimi. Ni Bibi anayeogopa. Mimi ndiye huwa namshika." Radi ikapiga kule upande wa Nkololo, akageuza uso akanitazama. "Sasa hivi nani anamshika?"

Kwa hiyo Jumamosi msinitafute kibandani. Nitakuwa Nkololo, nje ya ua, na sahani yangu.